Maji ya ukutani na kuvu ya nyumba

Mvua imeanza, na harufu ile tunayoijua imerudi ndani ya nyumba zetu za Kambove. Masika moja sisi tuliona madoa meusi chini ya ukuta wa chumba, tukanunua chokaa, tukapaka. Kwa wiki tatu ukuta ulikuwa mweupe, tukajisifu. Halafu madoa yakarudi, tena makubwa kuliko yale ya kwanza. Tulikuwa tumefunika kuvu, lakini maji hatukuyaondoa.

Kuvu ni kitu chenye uhai. Mbegu zake ni ndogo sana, zinaruka hewani kila mahali, hakuna mlango wa kuzizuia. Zinangoja maji tu. Basi kwanza tuulize: maji haya yametoka wapi? Kama ni doa la kahawia kwenye plafon, angalia matundu ya misumari ya mabati. Vidoadoa vyeusi kwenye pembe, nyuma ya kabati, vinaletwa na mvuke wa kupika, wa nguo mbichi, na wa pumzi zetu usiku. Fungua dirisha, sogeza kabati. Lakini maji yanayotusumbua zaidi yanatoka chini.

Fanyeni jaribio. Jioni simamisha tofali kavu ndani ya sahani yenye maji kidogo. Asubuhi utakuta maji yamepanda, kama vile mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Ukuta unafanya vile vile, hasa ule wa matofali mabichi ya udongo wa kichuguu. Watu wengi wanapiga sima juu yake, wanafikiri wamemaliza. Hapana! Sima inafungia maji ndani, ukuta haukauki, na siku moja sima inaanguka pamoja na udongo. Afadhali kuchimba mfereji wa kupeleka maji ya mabati mbali, kuondoa udongo uliorundikwa ukutani, na kungoja kiangazi kabla ya kupaka kitu.

Kuvu yenyewe usiifagie ikiwa kavu, sababu mbegu zitaingia kifuani, na mwenye pumu atateseka. Funga kitambaa puani na mdomoni, pangusa kwa maji na sabuni. Ukitumia javeli, usiichanganye na siki wala dawa ingine: inatoa hewa ya sumu. Udongo uliooza ukwanguliwe. Someni Walawi 14: vyombo vinatolewa nje, nyumba inafungwa siku saba, mawe yenye doa yanaondolewa, udongo unakwanguliwa na kutupwa nje ya mji. Udongo mpya unapakwa kisha tu. Sisi na chokaa yetu tulianza mwishoni!

Sasa mfuko wa mahindi, sababu katika nyumba nyingi unaegemea ukuta ule ule. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua maini, na 125 kati yao walikufa. Mahindi yaliwekwa nyumbani yakiwa na maji maji, yakashika kuvu inayotoa sumu inayoitwa aflatoksini. Moto wa jikoni hauimalizi. Bukari inaiva na sumu yake ndani. Weka mfuko juu ya mbao, mbali na ukuta, mkono upite. Mahindi yenye kuvu usiyaoshe ukayasaga, usiwape kuku, na usiyatengeneze munkoyo.