Shirika la Anga la Taifa na Kazi Zake: Mfano wa Kenya

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Upana wake ulikuwa yapata meta 2.5, na uzito wake kadiri ya kilo 500. Kwa bahati njema haikumwumiza mtu. Hata hivyo, tukio hilo lilizusha maswali ya haki. Kitu hiki ni cha nani? Je, kina sumu? Na kama kingaliangukia nyumba, ni nani angalilipa? Chuma hicho kilichukuliwa na Shirika la Anga za Juu la Kenya, ambalo baada ya uchunguzi wa awali lilieleza kuwa ni pete itenganishayo sehemu za roketi.

Wapo wasemao kwamba nchi yenye upungufu wa maji na madarasa haina haja ya shirika la namna hii. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana fedha za umma ni chache. Lakini tukio la Mukuku ladhihirisha jambo moja: anga huijia nchi hata kama nchi yenyewe haikuiendea. Yafaa basi kuchunguza kazi za shirika la anga ni zipi hasa.

Faida ya Ikweta

Kenya si ngeni katika mambo ya anga. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya Kiitalia iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Italia.

Kwa nini Waitalia walikuja mbali hivyo? Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Mzingo wake kwenye ikweta ni kilometa 40,000 na zaidi kidogo, nao hukamilika kwa saa 24. Kwa hiyo kila kitu kilichopo kwenye ikweta tayari kinasafiri kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa. Setilaiti izungukayo karibu na dunia yahitaji mwendo wa kilometa 27,000 hivi kwa saa ili isianguke. Roketi inayorushwa ikielekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata sehemu ya mwendo huo bila kuchoma mafuta yoyote. Tena, upande wa mashariki wa Malindi ni Bahari ya Hindi, na vipande vya roketi huanguka majini pasipo kudhuru watu.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, palirushwa hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu hufyonzwa na angahewa. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, Uhuru ilikuwa imeorodhesha asili 339 za miale hiyo. Vipimo vyake vilisaidia pia kukitambua kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo wanasayansi hukihesabu kuwa ni shimo jeusi.

Urushaji wa mwisho kutoka jukwaa hilo ulifanyika mwaka 1988. Kwa muda huo wote Kenya ilitoa mahali, na hata jina, lakini setilaiti hazikuwa zake, wala haikuwa na chombo cha taifa cha kuratibu shughuli hizo. Chombo hicho, yaani Shirika la Anga za Juu la Kenya, kiliundwa kwa amri ya kisheria ya mwaka 2017, kikapewa wajibu wa kuendeleza, kuratibu na kusimamia shughuli za anga nchini.

Kazi Tatu

Kazi ya kwanza ni kuitazama nchi kutoka juu. Jani lenye afya hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na papo hapo huakisi kwa wingi miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Jani likinyauka, tofauti hiyo hupungua. Setilaiti ikipima mianga yote miwili kila baada ya siku chache, huweza kuonyesha kwamba malisho yanakauka kabla mifugo haijaanza kufa. Tangu mwaka 2010 wafugaji wa Marsabit waliweza kununua bima ambayo malipo yake yalikadiriwa kwa vipimo vya aina hiyo. Setilaiti zilizotumika zilikuwa za kigeni. Wajibu wa shirika ni kuhakikisha kwamba habari kama hizo zinapatikana, zinafasiriwa na kuwafikia wenye kuzihitaji.

Kazi ya pili ni kukuza wataalamu. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, mchemraba wenye upande wa sentimeta 10, iliachiliwa kutoka chumba cha Japani cha kituo cha kimataifa cha anga. Tarehe 15 Aprili 2023 ilifuata Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya na kurushwa kutoka California. Vyombo hivi ni vidogo, na maisha yake ni mafupi. Lakini mhandisi aliyekwisha kuunda kimoja huweza kuamua kama kikubwa kinachouzwa na wageni kina thamani ya bei yake.

Kazi ya tatu ni kusimamia sheria. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wasema kwamba nchi iliyorusha chombo hulipa hasara yote kilichoifanya ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Lakini madai chini ya mkataba huo hutolewa na serikali kwa serikali. Mwanakijiji hawezi kuyapeleka peke yake. Hapana budi pawepo wataalamu wa kukipima kipande, kukitambua na kuweka ushahidi. Zaidi ya hayo, nchi inayotoa ardhi yake kwa urushaji nayo huhesabiwa miongoni mwa nchi zilizorusha. Kwa hiyo, iwapo roketi zitarushwa tena Malindi, faida ya ikweta itakuja pamoja na dhamana yake.

Kutokana na hayo, shirika la anga lisipimwe kwa ukubwa wa roketi zake. Lipimwe kwa maswali ya Mukuku: je, lina uwezo wa kuyajibu kwa ushahidi na kwa wakati?

Maswali ya Kujipima

1. Kwa nini roketi iendayo mashariki hufaidika zaidi ikirushwa karibu na ikweta?
2. Setilaiti hutambuaje malisho yanayokauka?
3. Je, ni nani mwenye haki ya kudai fidia chini ya mkataba wa mwaka 1972, na shirika la anga lasaidiaje?