Kiberiti: Dawa ya Upele Inayotaka Chumba Kizima



Neno kiberiti tumelizoea kwa njiti za kuwashia moto. Asili yake ni Kiarabu, kibrit, jina la madini ya manjano tunayoyaita pia salfa. Hata mwili una salfa: imo katika protini za ngozi, nywele na kucha, nasi huipata katika mayai, samaki, nyama na maharage. Leo tuitazame kama dawa ya upele, maradhi tunayoyaficha hostelini kwa haya.

Upele si uchawi, wala si dalili kwamba mtu ni mchafu. Huletwa na kidudu kidogo mno kinachochimba ngozi na kutaga mayai humo. Ibn Zuhr, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1162, alikwishakieleza. Muwasho huzidi usiku.

Marhamu ya salfa ya asilimia 5 hadi 10 huua kidudu hicho, nayo hutumika hata kwa wajawazito na watoto wachanga. Oga, jikaushe, kisha jipake kuanzia shingoni hadi nyayoni, pamoja na katikati ya vidole, kwapani na sehemu za siri. Fanya hivyo siku 3 mfululizo. Ukiosha viungo kwa ajili ya udhu, vipake tena. Harufu yake ni kali na huchafua nguo, basi vaa kuukuu. Usijipake unga wa salfa wa shambani, wala usiumeze.

Kwa nini basi wengi hupona kisha wakarudiwa? Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na huku anaambukiza wenzake. Kwa hiyo chumba kizima kitibiwe siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Muwasho ukiendelea zaidi ya mwezi, au vidonda vikitoa usaha, nenda kwa daktari.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufunza kutafuta dawa, na ametukataza kudhuriana. Anayeficha upele huku akiazima kanzu ya mwenzake anamdhuru. Na anayemcheka mgonjwa ndiye anayemfanya afiche. Tuambiane mapema, tutibiwe pamoja.

Wabillahi tawfiq.