Kutoka Ujiji Mpaka Pwani

Katubuka ni kata moja ya mji wa Kigoma na Ujiji, karibu na Ziwa Tanganyika. Mtoto wa huko akisikia mvumo wa ndege itokayo Dar es Salaam, haoni ajabu. Lakini babu za babu zake wangaliambiwa kwamba mtu aweza kuwa pwani asubuhi na kufika ziwani kabla ya adhuhuri, wasingalisadiki.

Zamani njia ya pwani ilikuwa ya miguu. Wapagazi walichukua pembe za ndovu mabegani, wakapita Unyanyembe, karibu na Tabora, kisha Ugogo, mpaka Bagamoyo. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Hiyo ni miezi saba na zaidi. Hawakucheleweshwa na urefu wa njia tu, bali na homa, njaa, hongo iliyotozwa na watemi, na kutoroka kwa wapagazi.

Umbali huo uliweza kuwa jambo la kufa na kupona. Machi 1869 David Livingstone alifika Ujiji kwa mtumbwi, akiugua mapafu. Alitumaini kukuta dawa alizopelekewa kutoka pwani. Hakuzikuta, kwa maana zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, mwendo wa siku zipatazo 13. Mgonjwa alikuwapo, na dawa zilikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kuvikutanisha upesi.

Mwaka 1905 Wadachi walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni kilomita 1,250 hivi. Basi safari ya miezi ikawa ya siku chache, na mizigo ikashuka mabegani mwa watu.

Ndege haizunguki milima wala haifuati mabonde. Njia yake ya angani kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,100. Ndege iendayo kilomita 550 kila saa itaimaliza hivi: 1,100 ÷ 550 = 2. Yaani saa mbili, na kidogo zaidi, kwa kuwa huenda polepole inapopaa na inaposhuka. Mwanafunzi asidhani kwamba hiyo ni kazi ya njia ya mkato. Njia ya ndege ni fupi kuliko reli kwa kilomita 150 tu. Kasi yake ndiyo ipunguzayo saa.

Hata hivyo nchi haikusogea. Jua ni shahidi: huchomoza Dar es Salaam kwanza, na Kigoma huliona karibu dakika 40 baadaye, ijapokuwa saa za miji yote miwili ni sawa. Umbali ni ule ule uliowachosha wapagazi. Kilichopungua ni muda. Na mgonjwa hapimi njia kwa kilomita, bali kwa muda anaoingojea dawa.

MASWALI

1. Kwa nini Livingstone hakupata dawa zake Ujiji?
2. Treni iendayo kilomita 50 kila saa, bila kusimama, itamaliza kilomita 1,250 kwa saa ngapi?
3. Kwa nini jua huchomoza Dar es Salaam kabla ya Kigoma?