Ni Nani Aamuaye Chakula Chetu?

Mtu anunuapo unga Kariakoo hudhani kuwa bei na ubora wake huamuliwa na muuzaji peke yake. Sivyo. Zamani serikali ndiyo iliyopanga bei ya sembe na kuilipia ruzuku. Ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984, aliyeumia zaidi ni maskini wa mjini. Mwaka 2011 zikatolewa kanuni za kuongeza virutubishi katika unga na mafuta ya kula. Lakini kanuni itamfaa nini mlaji, ikiwa mwenye kinu kidogo hamudu gharama zake, na mnunuzi hajui la kuuliza?

Basi wajibu huu ni wa wote. Kwanza, serikali itunge sheria na kumsaidia mnyonge kuitimiza. Pili, msagishaji asiibe ubora. Tatu, mfanyabiashara atimize mizani. Nne, wewe mnunuzi: jua kwamba dona, isiyokobolewa, hubaki na kiini na pumba zenye lishe ambazo sembe imepoteza. Uliza dukani, sema katika mkutano wa mtaa. Anyamazaye hupangiwa, na watoto wake ndio walao kilichopangwa.