JUMATANO: Simu Ibaki Nyumbani

Soma Marko 6:29–34 na Mathayo 14:12, 13. Wanafunzi walikuwa katika hali gani Yesu alipowaita kando?

Mara nyingi mafungu haya husomwa kama ushauri kwa watu waliochoka. Lakini angalia yaliyotangulia. Mitume wamerudi kutoka kuhubiri, wana mengi ya kumweleza Bwana. Yohana Mbatizaji ameuawa na kuzikwa. Watu wanaingia na kutoka, hata chakula hakiliki. Kilichowazonga mitume hakikuwa dhambi. Ilikuwa kazi njema, tena ikiwa imechanganyika na msiba ambao hawakuwa wamepata nafasi ya kuuzungumza.

Chukua kijana wa Soweto, mjini Moshi. Simu yake ina Biblia, Nyimbo za Kristo na lesoni hii. Ina kundi la kwaya na kundi la Watafuta Njia. Ina TikTok pia. Kumwambia kwamba simu ni mbaya hakutamsaidia, maana anajua si kweli, na amewaona wazee wakifungua WhatsApp kabla kusanyiko halijatawanyika. Yesu hakuwakemea mitume kwa shughuli zao. Aliwaita waondoke pamoja naye.

Basi vijana wakubaliane: Sabato moja baada ya chakula cha mchana, simu zibaki nyumbani, isipokuwa moja ya kiongozi kwa ajili ya dharura. Waende kwa miguu hadi msitu wa Rau, kwenye mivule na mbega, au wapande kidogo kuelekea vihamba vya migomba na kahawa. Saa nane mchana Kibo mara nyingi imejifunika mawingu, na hilo si hasara. Anayekwenda mlimani ili apate picha ya kurusha mtandaoni amekwenda na umati wake wote mfukoni.

Mwanzoni mkono utapapasa mfuko mtupu. Baadaye huja jambo gumu zaidi, ambalo viongozi wengi hawalitazamii. Kelele zikinyamaza, yale yaliyofunikwa hujitokeza: matokeo ya kidato cha nne, ugomvi wa baba na mama, mimba, deni la mikopo ya simu.

Soma 1 Wafalme 19:4–18. Eliya alikwenda siku arobaini hadi Horebu. Je, mlima ulimponya?

Aliulizwa swali lilelile mara mbili, naye mara zote mbili akatoa uchungu uleule, karibu neno kwa neno. Upepo, tetemeko na moto havikubadili jibu lake. Mungu hakumkatiza. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akampa kazi, akamwambia habari za Elisha na za watu elfu saba aliodhani hawapo. Kabla ya hayo yote, Eliya alikuwa amelala usingizi, na malaika alikuwa amempa mkate. Kiongozi anayepanga matembezi asisahau chakula.

Kwa majadiliano:

Umati uliwatangulia mitume kule walikokwenda kupumzika (Marko 6:33). Yesu alifanya nini mapumziko yalipovunjika?

Kijana wa darasa lenu akieleza njiani jambo ambalo hajawahi kulisema nyumbani, nani atamsikiliza? Kesho yake habari hiyo itakuwa imefika kwa nani?