Somo la Mazingira: Si Kila Mti Hutunza Chemchemi

Ndugu mwananchi wa Lupembe,

Msitu wa asili hutupatia zaidi ya kuni na mbao. Majani yake hupunguza nguvu ya mvua. Mboji na mizizi huyawezesha maji kuzama ardhini, yakatoka polepole katika chemchemi wakati wa kiangazi. Manufaa hayo wataalamu huyaita huduma za mfumo ikolojia.

Je, shamba la milingoti hufanya kazi hiyohiyo? Watafiti wa Afrika Kusini walilichunguza jambo hilo huko Mokobulaan. Mwaka 1969 milingoti ilipandwa katika bonde la nyasi lenye kijito; katika mwaka wa tisa kijito kilikauka. Miti ilikatwa ikiwa na miaka 16, lakini mtiririko kamili ulirejea baada ya miaka mitano. Tafiti za aina hiyo ziliifanya Sheria ya Maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 kuyatambua mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito.

Nchini kwetu, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazohatarisha hifadhi ya eneo hilo.

Milingoti hulipa ada za watoto wetu. Mahali pake ni mbali na mabonde ya vinyungu. Kabla ya kupanda, pima mita 60. Mto Ruhudji huyafikisha maji yetu Kilombero na Rufiji, lakini kijito kikikauka, wa kwanza kubeba ndoo tupu ni sisi.