Kufunga kwa saa, bakteria wa tumboni na ubongo

SWALI: Mwanangu ananishauri nile kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu, eti bakteria wa tumboni watanufaika na akili itachangamka. Nina miaka 58, natumia dawa za kisukari. Ni kweli?

JIBU: Mwanao hakuzua. Utumbo na ubongo huwasiliana kupitia neva ya vagasi, homoni na kemikali ambazo bakteria hutengeneza wanapochachusha nyuzinyuzi. Mwaka 2023 watafiti wa China walichapisha matokeo ya watu 25 wanene kupita kiasi waliopunguza chakula kwa vipindi kwa siku 62. Walipungua wastani wa kilo 7.6, bakteria wao walibadilika, hata sehemu za ubongo zinazotawala hamu ya kula. Ila watu 25 ni wachache, na haikubainika kipi kilitangulia, tumbo au ubongo.

Kumbuka pia, ukifungulia chapati na soda, bakteria hao hawaambulii kitu. Wape maharage, mchicha, ugali wa dona.

Kwako, dawa ndiyo hoja kuu. Ukitumia insulini au glibenklamaidi bila kula, sukari inaweza kushuka ghafla: mikono inatetemeka, jasho linakutoka, unachanganyikiwa. Hapo usingoje saa sita. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe. Usianze kufunga kabla daktari wako hajapanga upya dozi.